Kaka Mwenye Daftari

Gulven Kerambrun alifundisha historia ya dini Paris miaka ishirini, lakini kijijini kwao Bretania, magharibi mwa Ufaransa, walikijua kitabu chake kimoja tu: kile alimothibitisha, kwa kurasa arobaini, kwamba Mtakatifu Eltas wa kijiji hakuwahi kuishi duniani. Padri alikitia moto mbele ya waumini. Jawen, mdogo wake, mkulima, akaacha kumjibu barua. Msomi gani huyu asiyejua kwamba ukimtukana mtakatifu wa watu umewatukania mama zao?

Mwezi wa Mei akarudi na mvi zake ili apatane na ndugu yake. Akachagua siku mbaya. Ilikuwa sikukuu ya Eltas, ambapo wanaume wa mlimani na wa bondeni hupigania kisanamu chake cha mbao kwa marungu mlangoni mwa kanisa. Watakaokitwaa, wao huamini, ndio watakaovuna vema ngano nyeusi, nafaka ya huko, mwaka huo. Jawen, mtu wa bondeni, alikuwa akilipaka rungu lake mafuta ya nguruwe. Gulven akamwomba radhi.

"Kaka, leo radhi haiombwi kwa mdomo," Jawen alisema. "Utapigana au utaandika?"

"Nitaandika."

"Basi kakae na wanawake."

Akakaa ukutani na daftari lake. Kisanamu kilipotoka tu, marungu yakashuka. Meno yaliruka. Mzee mmoja sikio lilibaki linaning'inia, naye akazidi kupiga. Gulven aliandika yote, mpaka alipomwona Jawen amekikumbatia kisanamu, na Riwal, mhunzi wa mlimani, akimshushia rungu kichwani mara moja, mara mbili. Fuvu lilipasuka kama mtungi.

Daftari likaanguka. Msomi akaliokota rungu la ndugu yake, akamvunja Riwal taya, kisha goti, kisha, wala sitalificha hili, akaendelea kumtwanga akiwa chini, mpaka watu wa bondeni wenyewe wakamshika mikono. Akakichomoa kisanamu matopeni, hakina pua, akampelekea Jawen.

Jawen alikuwa haoni tena. Alikipapasa kwa vidole.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Na aliishi kweli, kaka?"

Gulven alikuwa na damu ya Riwal mpaka kwenye ndevu.

"Aliishi," alisema. "Alitembea papa hapa."

Jawen alikata roho kabla ya kengele ya adhuhuri. Gulven hakurudi Paris. Mwaka ule ngano nyeusi ilistawi bonde zima, naye aliivuna mwenyewe shambani mwa ndugu yake, akilia bila kujificha, akiwachukia watakatifu wote, waliopata kuishi na wasiopata.