Nywele za Kasiva

Ijumaa jioni, kwenye geti la nasari pale Mumbuni, Mwalimu Waithira alimkabidhi Ndinda mtoto wake na kusema bila kupunguza sauti: "Mama Kasiva, huyu mtoto ni unkempt. Jumatatu akikuja hivi, simpokei."

Akina mama wengine wakamgeuzia macho. Ndinda akaitikia, "Sawa, Mwalimu," kwa neno asilolijua. Kiingereza chake kiliishia darasa la nane. Njia nzima alikuwa akimpapasa Kasiva paji la uso. Ni ugonjwa? Na nasari ikimfungia mlango, nani atabaki na mtoto yeye akienda kuosha vyombo hotelini? Mwenye hoteli hataki mtoto jikoni, alishasema.

Nyumbani alimkagua kucha, masikio, gauni. Safi. Zikabaki nywele. Hizo hazijaguswa tangu azaliwe, kwa maana kwao anayemnyoa mtoto mara ya kwanza ni susu, nyanya yake aliye kijijini Katangi, na susu miguu imemlaza tangu mwaka jana. Jumapili Ndinda akanunua wembe. Akaushika, akamkumbuka susu, akaurudisha mfukoni bila kuufungua karatasi. Akambeba mtoto hadi kwa jirani yake Mwongeli, anayefundisha Kiingereza sekondari.

"Woi! Hilo tu ndilo limekukondesha?" Mwongeli akacheka. "Unkempt ni kukosa unadhifu. Mtu asiyejitunza, hata ua lisilofyekwa, wanaliita hivyo. Lakini lilianzia kichwani. Waingereza wa zamani walikuwa na neno lao la kuchana nywele. Hili ni la ambaye hajachanwa."

"Kuchana? Si kunyoa?"

"Kuchana, mama. Kwani huko kwenu kitana nacho ni mwiko?"

Ndinda akamtazama Kasiva kichwani. Susu alikataza wembe. Kitana hakukitaja, ni yeye mwenyewe, kwa kuogopa kukosea, aliyekiweka kando.

Jioni hiyo alimpakata Kasiva, akampaka mafuta, akachana fundo moja moja huku mtoto akilia, "Mama, pole pole!" Kisha akasuka.

Jumatatu Mwalimu Waithira aliinama, akapitisha kidole kwenye mistari ya nywele.

"Haya, Kasiva. Ingia."

Wembe bado uko kabatini, na karatasi yake. Unamngoja susu. Simu ya Katangi ikilia, Ndinda huutazama kwanza, asijue ni habari gani za susu, ndipo apokee.