Siku Niliyojificha Ndani ya Tangi la Shule

Hii siku siipendi kuitaja, na mkicheka chekeni polepole, kwa sababu watu wa Zombe bado hawajamaliza kunicheka. Nilikuwa mwalimu wa sekondari huko miaka ya themanini, kijana mwenye tai na kiburi kidogo (sawa, kiburi kingi), nikaamua kuwafundisha wanafunzi wa kidato cha pili kufikiri wenyewe. Kila Ijumaa nawapa swali ambalo jibu lake haliko kwa kitabu: debe lililotoboka, nyinyi mngelifanyia nini? Mwanzoni walikuwa wananiangalia tu. "Mwalimu, hii itakuja kwa mtihani?"

Halafu wakaanza kufikiri kweli, na hapo ndipo nikaanza kuwaogopa. Wananong'ona nyuma ya bweni, nikipita wananyamaza, na kila jioni wanachungulia lile tangi la simiti la kando ya bweni, lililokaa kavu tangu mvua ikatae. Wakati huo wanafunzi walikuwa wanagoma ovyo na kuchoma mabweni, kwa hivyo nikajua tu, wameficha petroli. Badala ya kuwauliza, Jumamosi ya wazazi nikaona niingie ndani nitafute mwenyewe.

Hakukuwa na kitu. Limefagiliwa safi, na hiyo ndiyo ilinitia wasiwasi zaidi (tangi kavu mtu analifagia la nini?). Kabla sijatoka nikasikia miguu juu ya mabati ya bweni, na sauti ya Mwende, msichana wa kiti cha mbele: "Mwalimu asijue mpaka tumwage."

Mwenzake akajibu, "Mwaga basi!"

Kitu baridi kikanipiga kichwani, nami sikungoja kunusa. "Msiwashe! Jamani, msiwashe kiberiti!" Nilipiga nduru shule nzima ikasikia, wazazi wakaja mbio, mmoja akaanza kukemea pepo kwa jina la Yesu.

Nikatoka nikidondoka maji. Kumbe walikuwa wametengeneza mfereji wa kukinga mvua kwa madebe mabovu, kutoka paa la bweni hadi kwa tangi, wanaujaribu siku hiyo ya wazazi kwa maji ambayo mama zao walileta na punda kutoka mtoni. Hedimasta aliniangalia viatu vilivyolowa. Mama yake Mwende akauliza, "Mwalimu, ulifikiri watoto wetu ni watu wa kuchoma shule?"

Mwende akasema polepole, "Tulitaka tu ushangae, mwalimu."

Mpaka alipomaliza shule alikuwa ananijibu maneno machache, akiangalia chini, nami nikajua sasa mwenye kushukiwa ni mimi. Siku hizi nikimshuku mtu namwuliza usoni, hata kama nitaonekana mjinga. Afadhali mjinga mkavu.