Mkazi wa Barazani

Je, mtu anayelala nje ya duka ni mkazi? Swali hilo lilininyima usingizi wiki nzima, kwa sababu barua ya kumwondoa ilikuwa na mwandiko wangu.

Nilikuwa na miezi minane tu Nakawa, na shahada isiyo na kazi. Mwenyekiti wa kijiji chetu, kama mtaa unavyoitwa hapa jijini, mwanajeshi mstaafu, alinipa ukatibu kwa sababu hiyo hiyo. "Wewe umesoma na huna kazi. Shika kitabu." Kitabu ni rejista ya wakazi. Asiyeandikwa humo hapewi barua ya utambulisho, na bila barua hiyo kila ofisi humwona mgeni.

Jumapili, baada ya kanisa, wenye maduka walikutana kumjadili bibi mmoja Mkongomani, aliyeombaomba mchana na kulala barazani usiku.

"Anafukuza wateja," alisema mama muuza vitenge, mwenye baraza hilo, naye Mkongomani.

"Si dada yako huyo?" mwenzake mmoja alimtania.

"Dada yangu analala ndani!"

Tulicheka. Nami nilicheka. Tukaazimia kuwaomba wakubwa wa jiji gari la kumchukua. Nikaandika: "mtu asiye mkazi wa kijiji hiki." Hakuna aliyenituma niseme hivyo. Niliongeza ili barua isomeke vizuri.

Kesho yake bibi aliniita. "Katibu, wanasema gari inakuja. Itanipeleka wapi?"

"Sijui, bibi."

"Mimi huu mwaka wa sita niko hapa. Wewe nilikuona siku ulileta godoro."

Tangu hapo sikutulia. Nikimwandika kitabuni, wenye maduka watanichukia. Watakuja wengine kumi. Na kumwacha anyeshewe pale, ndiyo huruma? Tumfanyie nini hasa? Hilo sikulijibu, na sijalijibu hadi leo. Nilichojua ni kwamba nilikuwa nimeandika uongo.

Ijumaa asubuhi nilimfuata na kitabu, nikamuuliza jina. Alilitaja mara mbili, polepole, nisikosee. Penye mwenye nyumba niliandika "hana". Penye makazi: "baraza la duka la vitenge, miaka sita".

Ofisini, mwenyekiti alikuwa ameshika muhuri, akisubiri barua. Nikamfungulia kitabu.

"Afande, huyu ni mkazi. Barua nimeichana."

Alisoma mstari ule, akaweka muhuri chini. Hakutabasamu.

"Wenye maduka utawaambia mwenyewe."

Nikachukua kitabu changu, nikaanza na duka la vitenge.