Loy na Titi la Kutengenezwa

Asubuhi ile nilishika ncha ya kitenge, Loy mke wangu akazunguka. Ndivyo tulivyofanya siku zote. Mimi nasimama mlangoni navuta, yeye anazunguka pole pole kuja kwangu, kitambaa kinamkaza kifuani mpaka kinaisha. Halafu kingine. Halafu kingine. Juu ya vyote, gauni. Wanawake wengi wa Busia huvuka hivyo kwenda kuuza upande wa Kenya. Kitenge ukikibeba mkononi, ni bidhaa, unalipa ushuru. Ukikivaa, ni nguo yako.

"Vuta, Baba Patience! Umezeeka mpaka mikono?"

"Wewe ndiye umenenepa."

"Kwa chakula gani cha kwako?"

Tukacheka. Tukanywa chai na muhogo. Nikampakia kwenye baiskeli, tukaenda. Asubuhi nyingine kama ile hatukuipata.

Kule ng'ambo wanawake walipekuliwa na mama mmoja wa forodha, Roselyn. Aliwajua wote, nao walimjua.

"Mama Patience, leo umevaa duka zima?"

"Ni baridi, dada."

"Baridi gani, Busia hii? Kuja hapa."

Akampapasa huku anacheka. Mkono ulipofika titi la kushoto ukasimama. Akagonga kwa kidole.

"Na hii? Umeficha sahani?"

Wanawake kwenye foleni wakaangua kicheko. Loy hakucheka.

"Ni mwili wangu."

Roselyn akabonyeza tena, taratibu. Mzaha ukamtoka.

"Mama, mwili hauko hivi. Nenda hospitali."

Akamwacha apite na vitenge vyake vyote. Hapo nikaogopa.

Titi lile hakuzaliwa nalo. Patience, binti yetu, akiwa bado shule ya msingi, Loy alipata uvimbe, titi likakatwa. Baadaye madaktari wageni walikuja Kampala, wakamtengenezea lingine. Mfuko wa silikoni, laini, wakauweka chini ya ngozi. Loy aliutaka sana. Alisema gauni linamkalia upande, na watu kanisani wanatazama. Alipona, akarudi kwenye biashara, akasomesha Patience mpaka akawa mwalimu. Kwenye kwaya akaimba sauti ya juu. Hakumwambia mtu. Ikafika mahali hata mimi nikawa simkumbushi, wala yeye hakumbuki. Lilikuwa lake.

Tulikwenda kliniki ya jirani. Titi lilikuwa limejaa maji, limempita mwenzake kwa ukubwa. Daktari wa pale akauliza, "Mama, unabeba mizigo?"

"Nafunga vitenge kifuani. Vinakaza."

"Basi ndiyo hiyo. Umejiumiza."

Hakuuliza lingine. Loy naye hakusema titi ni la kutengenezwa. Haikumjia kwamba hilo ni neno la kumwambia daktari. Yule akavuta maji kwa sindano, akayamwaga kwenye sinki, akampa vidonge. Tukaacha kufunga vitenge. Tulijua ndivyo vilivyomuumiza.

Maji yakarudi. Yakavutwa tena, yakamwagwa tena. Tukapanda mahindi, tukapalilia, tukavuna. Ndipo kwapani pakatokea kitu kama punje ya njugu, kikakua.

Patience akaja akatuchukua mpaka Tororo, kwa daktari Egau. Yeye alishika mara moja tu akauliza, "Mama, humu ndani mna nini?"

Loy akamwambia. Daktari akaketi. Akavuta maji, akayatia kwenye chupa, yakapelekwa Kampala kupimwa. Majibu yalipokuja alituita.

"Mwili una askari wake," alisema. "Kazi yao kupambana na kitu kigeni. Mfuko huu waliuona tangu mwanzo. Hawakuweza kuumaliza, basi wakajenga ukuta kuuzunguka. Kila aliyewekewa mfuko hujengewa ukuta, na huo si ugonjwa. Kwa wengine ukuta unakaza, titi linakuwa gumu. Lakini kwa wachache sana, hasa mfuko ukiwa wa kukwaruza kama msasa, askari hawatulii. Wanapigana miaka, wanazaana, mwisho wengine wanaharibika. Hao askari ndio wanageuka kansa."

"Ni ile ya zamani imerudi?" Loy akauliza.

"Hapana, mama. Ile ilikuwa ya titi. Hii ni nyingine."

"Nyingine!" Akanigeukia. "Baba Patience, umesikia? Wenzangu wanakosa hata moja."

Daktari hakucheka. "Maji ya kwanza yalipimwa wapi?"

Mimi nikaikumbuka ile sinki ya kliniki.

"Yangepimwa," akasema, "tungetoa mfuko na ukuta wake wote mapema. Wengi hupona hapo hapo."

Patience akatoka nje. Nilimsikia analia nyuma ya ukuta.

Kampala wakautoa mfuko na ukuta wake. Walinionyesha. Mfuko ulikuwa mzima, haukupasuka popote. Ukuta ulikuwa mnene kama ngozi ya ng'ombe iliyokauka, na ndani yake kidonda. Nilidhani tumemaliza. Lakini askari hutembea mwili mzima, na wale walioharibika walikuwa wametangulia. Kwapani, kisha mapafuni. Wakamtia dawa kali kwa sindano ya mshipani. Nywele zikaenda, kucha zikawa nyeusi, sauti ile ya kwaya ikaisha. Akawa anakohoa hata akigeuzwa. Dawa zikabadilishwa, zikashindwa. Nilimwomba Mungu kwa Kidhopadhola, lugha yetu, nikamwomba kwa Kiswahili.

Tulimzika kijijini kwetu Osukuru, kando ya mama yangu. Watu walikuwa wengi. Roselyn alivuka akaja, alilia kama ndugu.

Wananiuliza alikufa na nini. Nikieleza, wanasema mzee amechanganyikiwa. Uzuri hauui mtu, wanasema. Sibishani. Hawakuwa pale siku daktari wa Kampala aliponiita kwenye korido, akaniambia upasuaji hausaidii tena, nimpeleke nyumbani. Nilirudi kitandani nikakaa. Sikumwambia lolote. Loy alinitazama usoni muda mrefu, akanishika shati, akanivuta, akasema:

"Rudi kwa daktari, Baba Patience. Mwambie anikate tena. Mwambie bado nina mahali pa kukata."