Mkono wa Kulia wa Dada

Bibi yangu alifuta michoro yangu kwa kidole gumba alichokilamba kwanza. Nilikuwa nimechora tawi la mrihani kwa mkaa juu ya kipande cha kartoni, uani kwetu Ibra, Omani. Akapitisha gumba toka shina mpaka ncha, likabaki wingu la kijivu.

"Jani hili linaomba ruhusa," alisema. "Unagusa, unatoa, unagusa. Mwoga kama baba yako."

Nilitaka kitu kimoja tu: kumchora dada yangu hina atakapoolewa. Maharusi wote wa ukoo wetu, wa Ibra na wa Nizwa, walichorwa na bibi, kama alivyofundishwa Unguja alipokuwa kigori. Wengine hununua koni za plastiki zenye hina dukani. Yeye alitumia mwiba wa mtende, wala hakumpa mtu mwiba kabla hajajua kuchora mmea kwa mkaa.

Basi nikachora. Shina huchorwa kwa bega, si kwa vidole. Jani unaliingia kwa kukandamiza na kulitoka kwa kuachia, mkaa uinuke kabla mstari haujajua kwamba umekwisha. Mkunazi wa nje ya ukuta ulinifundisha ukali, maana miba yake haitaki kubembelezwa: unapiga, unaacha. Nikaupenda mstari unaonenepa katikati na kukonda mwishoni, nikaupenda kama mtu anavyopenda sauti ya mtu.

Kisha akaniagiza kilua, ua la kwao ambalo sijaliona maishani. Nikalichora limesimama, petali juu. Akawaita shangazi zangu.

"Njooni mwone kabichi!" Akainyanyua kartoni. "Kilua kinaning'inia, we mtoto wa jangwani. Kichwa chini!"

Walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa.

Siku ya hina alinipa mkono wa kulia wa dada, yeye akachukua wa kushoto. Hakueleza kwa nini. Niliuona mwiba ukitetemeka vidoleni mwake. Vilua vyangu viliteremka toka kiwiko mpaka kifundo bila kukatika, shingo nyembamba, petali zimeshiba. Vyake vilivunjika vipande vipande. Dada alikuwa akitazama ukuta.

Asubuhi yake, hina ilipokwisha banduliwa, mama mkwe wa dada alifika kutoka Sur. Aliunyanyua mkono wa kulia, akaugeuza kwenye mwanga.

"Mashallah, hajja," akasema kwa Kiarabu. "Mkono wako haujazeeka."

Bibi alijiweka sawa juu ya mto. "Alhamdulillahi."

"Na huu?" Aliushika wa kushoto.

"Huo wa mtoto." Bibi alinionyesha kwa kidevu. "Nilimwachia ajifunze. Mtusamehe."

Wanawake wote wakanigeukia.

"Binti," mama mkwe akaniambia, "bibi harusi si ubao wa shule."

Dada alifungua mdomo. Mama akamfinya paja, naye akaufunga.

"Samahani, mama," nikasema.

"Haya, usisimame kama mlingoti," bibi akasema. "Lete mafuta ya karafuu uupake huo wako, rangi ikolee."

Nikaleta. Nikapiga magoti, nikaupaka mkono wa kushoto mbele yao, na kila mstari uliokatika ukazidi kuwa mweusi.