Mngazija Aliyemshtaki Mkubwa wa Polisi kwa Mama Yake

Habari ya kifo cha Mngazija ilinifikia nikiwa kwa kinyozi, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Dereva wa pikapu ya miraa alisimama mlangoni akasema yule mzee fundi wa maturubai wa Maua alilala jana na leo hakuamka, na kama nataka kumzika niharakishe. Sasa, mimi ni Mmeru, na sisi tukiambiwa mtu amekufa tunaanza na kamati. Lazima awepo mwenyekiti, awepo mweka hazina, na awepo mtu mmoja wa kupinga kila kitu. Kwa hivyo nikamwambia kinyozi amalize polepole, nikapigia watu wawili simu tupange mkutano wa jioni. Nilikuwa nimesahau kwamba Waislamu hawacheleweshi maiti. Nilipofika Maua alasiri, kichwa kinang'aa, nilikuta kaburi limeshafukiwa na watu wanakunywa chai. Nikajitambulisha kwamba nimetumwa na kamati. Mzee mmoja wa msikitini akanitazama kwa huruma, akaniuliza, "Na kamati imeamua nini?"

Ninyi mnaonisoma kila wiki mnajua mimi si mtu wa masomo mengi. Nilifika kidato cha pili, halafu mimi na shule tukaachana kwa makubaliano ya pande zote mbili. Kwa hivyo nikisema huyu mzee ndiye aliyenifundisha mambo ya serikali, mjue darasa lenyewe lilikuwa benchi lake la kushonea, kando ya barabara, pale pikapu zilikuwa zinaleta maturubai yaliyoraruliwa na upepo na haraka. Alitoka Ngazija, kwenye nchi ya visiwa ya Komoro. Alishuka Mombasa akiwa kijana, na wakati kila mtu alikuwa anateremka na miraa kwenda Pwani, yeye akapanda na pikapu iliyokuwa inarudi tupu. Tulimwita Mngazija mpaka wengi wetu tukadhani ndilo jina alilopewa na mama yake. Kiswahili chake kilikuwa laini, hata akikutukana unajikuta umemshukuru. Chetu sisi mnakijua, kinapanda mlima na gia ya kwanza.

Alikuwa na redio ndogo kwenye benchi, na redio ikisema mheshimiwa fulani amenyakua shamba la umma, Mngazija anasimamisha sindano na kuuliza, "Mama yake yu hai?" Tulicheka sana. Lakini yeye hakuwa anatania. Alitueleza kwamba kwao nchi ni ndogo, serikali ni mtu unayemjua, ulicheza naye, pengine mmenyonya titi moja. Mkubwa wa forodha akianza kuwasumbua watu, wanawake wazee wanakwenda kwa mama yake, wanaketi uani, hawasemi neno, mpaka mama mwenyewe anatuma mtu amwite mwanawe. Mwizi naye anajulikana kwa jina na kwa ukoo, na siku ya harusi akitafuta mahali pa kuketi, watu hawasogei. Hakusifu kwao kijinga. Alikubali kwamba wezi walikuwepo, na serikali ilipinduliwa mara nyingi, na kila aliyepindua alikuwa mtoto wa mtu fulani wanayemjua, ndiyo maana iliwauma zaidi. Sisi tulikuwa tunamwambia, "Mzee, hapa ni Kenya. Mkubwa wa hapa hana mama, ana dereva."

Halafu likafika kwetu. Hii ni miaka ile simu ilikuwa ya posta na unapanga foleni kuitumia. Ndugu yangu mdogo alikuwa anasukuma mkokoteni sokoni. Usiku mmoja watu waliingia kwenye kinu cha kusaga unga, wakamfunga mlinzi kamba, wakambonda, wakabeba mota. Mtu akasema alimwona ndugu yangu alfajiri akisukuma mzigo uliofunikwa na majani ya migomba. Basi akakamatwa, akapelekwa kituo kimoja cha huku kwetu ambacho sitakitaja, ili wakubwa wasome gazeti bila kukasirika. Alipojaribu kueleza alipigwa kofi. Na sisi nyumbani kwetu ndivyo tulivyo, ukimpiga mtu kofi anafunga mdomo, na kuufungua inahitaji misimu miwili ya mvua. Akakaa ndani zaidi ya wiki bila kusema kitu, na kila siku swali ni lile lile, mota iko wapi, na baada ya swali ni fimbo. Tukaambiwa Jumatatu anapelekwa kortini kwa wizi wa mabavu. Wakati ule shtaka hilo lilikuwa na maana ya kunyongwa. Mama yetu aliacha kula. Alikuwa anaketi jikoni na kutazama jiko ambalo hajawasha.

Nilienda kwa Mngazija kulia tu, sikuwa na mpango. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza mkubwa wa kituo kwao ni wapi. Nikafikiri anatafuta njia ya kumpelekea kitu kidogo, nikamwambia ni mtu wa Mbeere, upande wa Ishiara. Akachomeka sindano kwenye turubai na kuvaa koti juu ya kanzu. "Twende kwa mama yake," akasema. Nilijua mzee amechanganyikiwa, amesahau hapa si kisiwani. Lakini mtu ambaye ndugu yake ananyongwa hachagui wazimu wa kufuata. Tukapitia Meru na Chuka, tukateremka mpaka Ishiara kwenye joto, na kwa vile ilikuwa siku ya soko tulimpata kwa kuuliza mtu mmoja tu. Alikuwa mama mfupi mwenye kitambaa cha kichwa, ameketi nyuma ya gunia la ndengu, anawapimia watu kwa mkebe wa gorogoro.

Mngazija alichuchumaa mbele yake, akamsalimu vizuri, akasema, "Mama, tumekuja kumshtaki mtoto wako."

"Yupi?" akauliza, bila kuacha kupima. "Nina sita."

"Yule wa kofia."

Mama akaweka mkebe chini. Nikamweleza habari yote, kwa Kimeru changu na Kimbeere chake tukakutana katikati. Alipomaliza kusikia alinitazama mimi moja kwa moja. "Na huyo kijana wenu, mnaniapia hakuiba?"

Nilikuwa tayari kuapa kwa Biblia na kwa makaburi ya babu zangu wote wawili. Mngazija akaniwekea mkono kwenye goti. "Hatujui, mama," akasema. "Hatukuwepo. Tunajua kwamba hakuna mtu amemuuliza, kisha akanyamaza asikie jibu."

Nilitamani kumtupa mzee kwenye gunia la ndengu. Tumevuka wilaya nzima ili aseme hatujui? Lakini yule mama alianza kupitisha vidole kwenye ndengu. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, kama anaongea na zile ndengu, "Alipokuwa mdogo nilikuwa nampiga kabla sijamuuliza. Labda alijifunza kwangu." Akamwomba jirani amwangalizie gunia, akafunga kitambaa upya, tukaondoka naye.

Kesho yake asubuhi tuliingia kituoni watatu. Askari wa kaunta akamuuliza mama anataka kuripoti nini. Akasema anataka kumwona kijana wake. Askari akauliza ako seli gani. "Sijui," mama akasema. "Muulize mwenyewe, si ofisi ni yake." Na mkubwa akatoka, mwanamume mkubwa kweli, tumbo limemtangulia, akamwona mama yake ameketi kwenye benchi la washtaki kati ya mlevi mmoja na mimi. Alivua kofia. Sidhani alijua ameivua. Alijaribu kumwingiza ofisini, mama akakataa, akasema benchi linatosha.

"Umemuuliza yule kijana?"

"Mama, hii ni kazi ya serikali."

"Najua. Ndiyo maana nimepanda basi mpaka hapa kazini. Umemuuliza, ukanyamaza?"

Mkubwa akamgeukia askari wa kaunta. Akaamuru ndugu yangu atolewe seli, aletewe kiti. Kiti, nasema, siku zile. Wakaketi ofisini mlango ukiwa wazi, na kwa muda mrefu hatukusikia kitu chochote, mpaka nikaanza kuogopa. Kisha nikasikia sauti ya ndugu yangu, imepasuka kama ya mzee. Alikuwa ameitwa alfajiri abebe mzigo kama siku zote, na aliyemwita ni mpwa wa mwenye kinu. Siku zote zile walimuuliza mota iko wapi, na yeye hakujua iko wapi. Angeulizwa nani alikuita, angesema siku ya kwanza. Kabla ya jioni mota ilipatikana kwenye stoo ya huyo mpwa, chini ya magunia. Ndugu yangu aliachiliwa Ijumaa, na alipoenda kortini alienda kama shahidi.

Sasa mngefikiri hapo tulimbeba Mngazija mabegani. Tulikuwa karibu. Lakini yule mpwa alipotiwa ndani, na soko lote linasema angechomwa tu, Mngazija akaonekana anaelekea kituoni na birika ya chai na mkate. Mama yetu, aliyekuwa amemwombea dua kanisani kwa jina, akaacha kumsalimu. Siku moja akamkabili pale pale kwenye benchi, akamuuliza kama ameanza kupenda wezi. Mzee akamjibu polepole, "Huyu naye aulizwe, dada yangu. Tukiuliza wetu peke yao, hiyo si serikali, ni ukoo." Mama alirudi nyumbani amekasirika. Alikaa na hilo neno karibu mwaka mzima, halafu siku moja akampelekea ndizi, hakusema ni za nini.

Sitaki kumfanya malaika. Dawa yake haikuponya kila ugonjwa. Miaka michache baadaye alienda Kianjai kumshtaki diwani aliyezungushia ua kiwanja cha soko, na mama wa diwani akamfukuza na mwiko, akimwambia amwache mwanawe ale, wengine si walikula. Alirudi akicheka, akasema huyo amepata mama anayemfaa. Na leo hata ukitaka kushtaki utashtaki wapi? Serikali imekuja karibu, tumepewa ya kaunti, lakini wakubwa wamepanda juu zaidi na mama zao wamehamishiwa nyuma ya mageti yenye mbwa. Vijana wetu bado wanasombwa mitaani, na sisi tukisikia mwizi ameshikwa bado tunauliza nani ana kiberiti.

Ndugu yangu hakungoja kamati. Alifika Maua mapema, akashika koleo pamoja na watoto wa marehemu. Sasa ana mvi, na bado hasemi mengi. Tukiwa tunakunywa chai nilimuuliza ni kitu gani anakumbuka zaidi. Nilidhani atasema siku aliyotoka. Akafikiri, akasema, "Kile kiti. Nilipoketi nikajua kuna mtu anataka kusikia." Nimekuja nalo hilo nyumbani, na kwa kichwa changu cha kidato cha pili nimelipiga hesabu hivi: nchi yetu ni kubwa na haitapungua iwe kisiwa, hatutajuana sote, wala hatutawajua mama wa wote wanaotutawala. Lakini seli ni ndogo kila mahali duniani. Anayeingia humo anaingia mmoja, na anayeshika ufunguo ni mmoja, na kati yao pana nafasi ya kuweka kiti.