Ngazi Nilizotaka Kuzikarabati Moroni

Chekeni kwanza, mkimaliza tuendelee, maana najua mtacheka, hata mimi niliwahi kujicheka mpaka nikaona haichekeshi. Mimi ndiye yule mtu aliyesimama mbele ya mamluki wa Kizungu pale Moroni, fimbo mkononi, koti la kuazima mwilini, akawaomba wakarabati ngazi. Aibu ile nimeizoea. Kilichobaki ni hasira, na hasira yenyewe sijui niianzie kwa nani, kwao, kwa mkurugenzi wangu, au kwa huyu mjinga anayewasimulia.

Ilikuwa miaka ile ambayo nchi ilikuwa na rais lakini kila mtu alijua bunduki ziko kwa nani. Mimi mtu wa Mutsamudu, kisiwani Nzuani, nimetoka kusomea takwimu nje, nikapangiwa hospitali moja ndogo Moroni (jina lake niachieni), na kazi yangu ilikuwa kuyageuza madaftari ya wagonjwa yawe picha: kila ugonjwa na nguzo yake ya rangi, malaria kijani, kuhara manjano, uzazi buluu, zote kwenye ubao mmoja mkubwa ukutani, ili mkubwa akiingia, akitupa jicho mara moja tu, ajue watu wanaumwa nini. Niliupenda ubao ule kupita kiasi. Kila nikipita nasimama, narudi nyuma kidogo, nautazama tena kama bwana harusi mbele ya kioo.

Mambo yaliharibikia kwenye kitu kidogo. Muuguzi mkuu, Bweni Mariama (bweni ndivyo kwetu tunavyomwita mwanamke wa heshima), aliniona napanga ajali akaniambia nizitie zote kwenye nguzo moja, inatosha. Nikaona ananifundisha kazi. Nikamjibu kwamba takwimu zisipochambuliwa hazisemi kitu, nikazigawa: gari, panga, moto, mtumbwi, na kuanguka ngazini. Ya ngazi ikapanda ikazipita zote, nikaipaka nyekundu. Akanitazama, akaondoka. Baadaye nilimkasirikia sana kwa kunyamaza kule, mpaka nilipojiuliza angejuaje, mimi mgeni kutoka Nzuani ninayekula chakula cha mchana na mkurugenzi, kwamba sikutumwa na mtu.

Na hebu nijitetee kidogo. Mutsamudu ni mji wa ngazi. Umepanda mlima, vichochoro vyake ni ngazi tupu za mawe yaliyolika, mvua ikinyesha watu wanateleza kweli, shangazi yangu mwenyewe alivunjika nyonga akitoka kuchota maji. Kwa hiyo niliposoma kwenye daftari kwamba fulani ameanguka ngazini kavunjika mbavu, fulani ameanguka ngazini katoka meno, sikushtuka. Kwetu ningeshtuka kama hayumo hata mmoja.

Ikafika siku ya wakubwa. Wakaja watu wa wizara, wakaja wazee wa mji na kofia zao, na nyuma yao akaingia ofisa mmoja wa mamluki, Mzungu wa makamo, miwani myeusi, akaketi mstari wa mbele bila kukaribishwa. Nikaanza. Malaria, vizuri. Kuhara, vizuri. Nikafika kwenye nguzo yangu nyekundu, na hapo ndipo nilipojimaliza. Nikasema wanaoanguka ngazini ni vijana wa kiume kuliko wazee, jambo la kushangaza kidogo. Kwamba karibu wote wanaanguka usiku. Kwamba kuna wiki moja wameanguka kwa mkupuo, walimu na wanafunzi watupu. Ukumbi ukawa kimya. Mimi (Mungu anisamehe) nikadhani wananisikiliza, nikaongeza sauti. Nikasema pengine taa hazitoshi, nikaomba saruji, nikapendekeza tuanze na mtaa wa Badjanani.

Mzungu akavua miwani. Akacheka taratibu, kicheko cha mtu aliyeletewa chakula anachokipenda, akamgeukia mkurugenzi akasema kwa Kifaransa, "Huyu kijana ana akili. Mpeni saruji. Na aniletee orodha ya nyumba wanazokaa hao walioanguka." Mkurugenzi, kola imelowa jasho, akapiga makofi. Wengine nao wakapiga, na mimi nikainama kushukuru.

Kesho yake nikatoka na fundi mwashi na mkokoteni wa saruji, nikaingia vichochoro vya Badjanani kutafuta nyumba ya mwalimu mmoja aliyekuwa amelazwa kwetu, amevunjika mguu. Akanifungulia bibi yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Koko, kama bibi wote wa Ngazidja, kisiwa cha Moroni, wanavyoitwa. Nikamwamkia kwa adabu, nikamwambia nimekuja kutengeneza ngazi. Akasogea kando nione. Chumba chini, ua chini, jiko chini, na kizingiti chenyewe hakizidi kimo cha kiatu. Majirani walikuwa wameshajaa madirishani, na mama mmoja akaniuliza kama nikimaliza ngazi za ghorofa isiyokuwepo nitamjengea na yeye. Wakacheka, ila hakuna aliyekuwa anafurahi. Fundi wangu akatazama viatu vyake, na nikaona kwamba hata yeye anajua.

Hapo likaniingia lote kwa pamoja, usiku, vijana, walimu, mbavu. Ni watu waliochukuliwa majumbani na mamluki na askari wao, wakapigwa, wakatupwa barabarani, na wauguzi wakaandika ngazi ili watibiwe bila maswali.

Koko hakucheka. Aliniuliza kwa upole, na upole ule ndio unaoniuma mpaka leo. "Mwanangu, wamekutuma, au hujui tu?"

Nikasema sikujua.

"Basi jua. Ile ngazi ndiyo iliyowapa watoto wetu kitanda, na wewe umesimama nayo mbele yao ukaionyesha kwa fimbo. Mjukuu wangu tumemtoa leo alfajiri, mfupa haujakaa. Nani angemwacha pale?"

Nikamsikia yule mwalimu chumba cha ndani anaguna kila anapogeuzwa. Nilitaka kuingia, Koko akanizuia mlangoni kwa mkono mmoja, bila nguvu, na sikuthubutu kupita.

Nyumba sikumpelekea Mzungu hata moja. Nilidai anuani hazisomeki, mkurugenzi akanitukana mpaka mate yakamtoka, nikamwacha anitukane. Bweni Mariama alikuwa akitoka kazini anapita kwa Koko na bandeji chini ya leso, lakini bandeji haiungi mfupa. Mguu ule ulipona vibaya na yule mwalimu hakurudi tena darasani.

Mwezi uliofuata nikaagizwa ubao mpya. Watu walikuwa wanapigwa vilevile, sasa wanauguzwa majumbani kwa mafuta na maji ya chumvi, na wengine hawakupona. Kwenye ngazi sikuwa na nguzo ya kuchora. Nikaandika sifuri, kwa mkono wangu huu. Mkurugenzi akaniita mbele ya wafanyakazi wote akanipa mkono, akasema ukarabati umefaulu, Moroni hakuna anayeanguka tena. Nikaupokea mkono wake, na Bweni Mariama amesimama palepale ananitazama.

Niliomba uhamisho, ndege ikanishusha Ouani, kwetu Nzuani, na hasira nikashuka nayo. Grafu bado nachora, ndiyo kazi ninayoijua. Ila niliapa, na kiapo hicho sijakivunja: sababu yoyote nikiikuta kwenye daftari siipaki rangi mpaka nimwendee aliyeiandika, tukiwa wawili tu, nimuulize anamficha nani.